BWANA CARRINGTON NA LOKOLE YA SAUTI MBILI



Katika namba hii ya gazeti letu tunasimulia maisha ya mtu mmoja aliyekufa zamani, Bwana John Carrington. Alikuwa mwalimu wa masomo kama hawa walimu wetu, na alikaa karibu na sisi, kwa sababu maji ya Lomami yanayopita hapa Opala yanashuka mpaka Isangi na kuingia katika mto mkubwa, kwa Walokele, na ni kule alikofanya kazi yake.

Tulianza kumfikiri juu ya ulizo moja la kalasi. Siku moja mwanafunzi mmoja alimwuliza mwalimu wa fizika habari za kinanda kidogo cha umeme. Kinanda kile hakina nyuzi, hakina filimbi, hakina ngozi. Kinajuaje kuimba? Mwalimu akaeleza kwamba ndani yake kuna kitu kidogo kama ukucha wa kidole, kinaitwa mikrokontrola, ndicho ubongo wa mashini. Lakini ubongo huo ukiwa mpya haujui kitu. Lazima kwanza mtu autilie programu ya ndani, ile inayokaa pale hata mashini ikizimwa. Pasipo programu ile, kinanda ni plastiki na vyuma tu. Yule mwanafunzi hakutosheka. Aliuliza tena, programu inaingia ndani kwa njia gani, maana hakuna mlango? Mwalimu akatazama dirishani, akaonyesha kwa kidole lokole iliyolala chini ya barza ya kanisa. Akasema kwamba jibu ni lile pale.

Kalasi yote ilicheka. Lakini tulipokwisha kujifunza maisha ya Bwana Carrington, kicheko kiliisha. Basi sikilizeni.

ALIKOZALIWA

John Frederick Carrington alizaliwa mwaka wa 1914 katika mji mdogo wa Rushden, Uingereza. Ni mji wa watu washona viatu. Hakuna mto mkubwa kule, wala pori kama letu. Huyu kijana alisoma elimu ya viumbe, akapenda sana mambo ya mimea, kisha akajitayarisha kwa kazi ya kufundisha. Mwaka wa 1938, akiwa na miaka kama 24 hivi, alitumwa Kongo na chama cha wamisionere Wabatisti wa Uingereza, kile tunachokiita BMS. Wakati ule Kongo ilikuwa chini ya Wabeljiki, na Kisangani iliitwa Stanleyville.

Fasi yake ya kwanza ilikuwa Yakusu, chini kidogo ya Kisangani kando ya mto. Misioni ya Yakusu ilianza mwaka wa 1895, nayo ilikuwa na kanisa, masomo, na hospitali iliyosifiwa mbali. Watu wa kando pale ni Walokele, wavuvi na wafanya biashara ya pirogi, watu wanaojua mto sawa mtu anavyojua mkono wake. Carrington alianza kujifunza lugha yao. Alijua kwamba mwalimu asiyesikia lugha ya watoto anafundisha kuta.

SAFARI YA YAONGAMA

Sasa tufike siku iliyogeuza maisha yake. Bwana Carrington alikuwa akitembelea vijiji vya pori kutazama masomo na makanisa madogo. Siku moja aliamua kwenda kijiji kimoja, jina lake Yaongama. Hakutuma barua. Hakuna mtu alitangulia kupeleka habari. Lakini alipofika alishangaa sana, maana mwalimu wa kijiji, munganga msaidizi na Wakristo wa kanisa walikuwa wamekusanyika tayari wakimngoja. Aliwauliza walijuaje. Walimjibu kwamba lokole imewaambia.

Wazungu wengi walikwisha kusikia lokole mbele yake. Stanley, alipopita katika mto wetu mwaka wa 1877, alijua kwamba habari zake zinamtangulia kijiji kwa kijiji kwa sauti ya ngoma. Lakini wengi walifikiri kwamba ni alama tu, kama kengele: mapigo haya maana yake hatari, mapigo yale maana yake karamu. Wengine walifikiri ni kama telegrafu ya Morse, ambayo kila herufi ina alama yake, fupi na ndefu. Carrington naye angaliweza kufikiri vile, kisha akalala usingizi. Lakini alikuwa mtu wa sayansi, na mtu wa sayansi akishangaa halali. Alianza kuwauliza wazee, akaketi nao, akaandika katika daftari.

Jibu alilolipata lilikuwa jambo ambalo babu zetu walilijua tangu zamani. Lokole haipigi alama, wala haiandiki herufi. Lokole inasema lugha yenyewe.

SAUTI MBILI

Juu ya nini ngoma ya mti inaweza kusema lugha? Ni kwa sababu lugha zetu za pande hizi zina sauti ya juu na sauti ya chini ndani ya kila neno. Anayegeuza sauti amegeuza maana. Katika Kilokele neno lisaka likisemwa kwa sauti ya chini yote ni kidimbwi cha maji. Mwisho wake ukipanda, ni ahadi. Vipande viwili vya mwisho vikipanda, ni sumu. Herufi ni zile zile, lakini mtu aliyeahidiwa na mtu aliyelishwa sumu hawafanani hata kidogo! Neno liala kwa sauti moja ni mchumba, kwa sauti nyingine ni shimo la takataka. Tena kuna maneno mawili, alambaka boili. Ukiyasema vizuri, mtu alikuwa akitazama ukingo wa mto. Ukiyasema vibaya, alikuwa akimpika mama mkwe wake. Mmisionere mgeni aliyesoma herufi bila sauti aliweza kusema mambo ya kutisha mbele ya kanisa, na watu wa heshima wakanyamaza tu.

Sasa mtazame lokole. Fundi anachukua mti mgumu, anaukomba ndani kupitia tundu jembamba refu. Midomo miwili ya tundu lile haikombwi sawasawa, kwa hiyo mmoja unatoa sauti ya juu na mwingine unatoa sauti ya chini. Wazee wanauita mmoja wa kiume na mwingine wa kike. Mpigaji anapiga juu pale neno lilipo juu, na chini pale neno lilipo chini. Ni sauti mbili tu, hakuna ya tatu.

Lakini hapa kuna shida, na akili zenu zimekwisha kuiona. Kinywa kina herufi pamoja na sauti. Lokole imepoteza herufi zote, imebaki na juu na chini tu. Katika Kilokele neno la mwezi lina sauti mbili za juu. Neno la kuku vilevile. Neno la baba vilevile, na la samaki mmoja vilevile. Lokole ikilia juu, juu, msikiaji atajuaje kama amesikia mwezi, kuku, baba, ao samaki?

Dawa ya babu zetu ilikuwa hii. Lokole haisemi kamwe neno peke yake. Ikitaka kutaja mwezi, inataja mwezi pamoja na maneno ya kuueleza ginsi unavyotazama dunia kutoka juu. Ikitaka kutaja kuku, inaongeza habari ya yule mdogo na kilio chake. Maneno haya ya kufuata yamewekwa tangu zamani, hayabadiliki, kila mmoja anayajua. Sasa mstari wa sauti umekuwa mrefu, na mistari mirefu miwili haifanani. Carrington alihesabu, akaona kwamba lokole inatumia maneno karibu mara nane kuliko kinywa kwa jambo lile lile.

Mtu mwenye haraka atasema kwamba hiyo ni kazi bule, kelele mingi kwa habari kidogo. Sivyo. Lile la kuzidi ndilo linalolinda habari isiharibike njiani. Upepo ukichukua mapigo mawili, mvua ikinyesha, mbwa wakibweka, yaliyobaki yanatosha kumwonyesha msikiaji neno lilikuwa nini. Ndiyo maana wakati wa usiku ulio kimya habari inaweza kusikika mbali ya kilomita 10 hivi, na kijiji kinachosikia kinaipiga tena kwa kijiji kinachofuata.

Tena kuna utaratibu. Kwanza mpigaji anapiga mwito ili watu wasikilize. Halafu anataja jina la anayeitwa. Halafu habari yenyewe. Halafu anairudia, mara moja ao zaidi. Na jina la lokole si kama jina la kitambulisho. Ni refu, linachukua jina la mtu mwenyewe na la baba yake, pamoja na kijiji cha mama yake, hata msikiaji hawezi kukosea ukoo.

MWALIMU ALIYEKUBALI KUWA MWANAFUNZI

Bwana Carrington hakutosheka kuandika mambo haya. Alitaka kupiga mwenyewe. Mzungu mwenye vyeti alikubali kuketi chini mbele ya wazee ambao wengine hawakujua kusoma, akafundishwa kama mtoto wa kalasi ya kwanza. Ilimchukua miaka. Watu waliona ginsi anavyosikia lugha yao, wakaanza kusimulia kwamba huyu si mzungu kweli. Walisema alikuwa mtu wa kijiji chao aliyekufa, na roho zilikosea zikampeleka kuzaliwa mbali kwa wazungu, ndiyo maana amerudi kwao.

Baadaye alihamia Yalemba, chini zaidi ya mto upande wa Basoko, akawa mkubwa wa masomo kule. Inasimuliwa kwamba akiwa mbali porini, mke wake alimwita kwa lokole kuja kula. Wito ule ulitaja jina lake refu la lokole, ukataja nyumba yake, ukamwambia kwamba bibi anangoja na chakula. Angaliweza kutuma mtoto kwa mbio. Lakini lokole ilifika mbele ya mtoto.

Pamoja na kazi ya masomo alisaidia kutafsiri Biblia katika Kilokele, na kwa utafiti wake juu ya lokole alipata daktari katika chuo kikuu cha London. Mwaka wa 1949 alitoa mabuku mawili. Moja lilikuwa la wataalamu, likapigwa chapa Brussels, linalinganisha lugha za ngoma za Afrika ya Kati. Lingine lilikuwa dogo la watu wote, likapigwa chapa London, jina lake Talking Drums of Africa, yaani ngoma za Afrika zinazosema.

HABARI ZA MASHINI

Sasa turudi kwa kinanda cha umeme, msifikiri nimekisahau.

Mwaka wa 1948, mwaka mmoja tu mbele ya mabuku ya Carrington, mtaalamu mmoja wa Amerika, Claude Shannon, alitoa maandiko yake juu ya hesabu za habari. Alikuwa mtu wa simu na umeme, si wa pori. Alionyesha kwamba habari yoyote inaweza kupelekwa kwa alama mbili tu, sifuri na moja. Tena alionyesha kwamba ukitaka habari ifike salama katika njia yenye kelele, lazima uongeze kitu cha kuzidi ndani yake. Mnasikia? Alama mbili, na lile la kuzidi. Wazee wa Yakusu walikuwa wakifanya vile bila karatasi. Ndiyo sababu katika siku zetu watu wanaoandika historia ya ordinatere wanamtaja Bwana Carrington na lokole ya Walokele.

Na mashini zilizofuata ziliimba vilevile. Katika mwaka wa 1975, watu wenye ordinatere ndogo za kwanza hawakuwa na fasi ya kutunza programu zao. Wakapatana katika mji wa Kansas City, Amerika, kuzitunza katika kaseti za muziki. Walifanyaje? Kila sifuri waliifanya sauti ya mitikisiko 1200 kwa sekunde, kila moja sauti ya mitikisiko 2400. Yaani sauti ya chini na sauti ya juu! Ukitia kaseti katika radio unasikia kelele tu, kama nyenje wa usiku. Lakini mashini inasikia maneno.

Hata vinanda vidogo vya siku hizi vingine vinapokea programu yao kwa masikio. Kampuni ya Korg ya Japani ilitoa kinanda kidogo kinachoitwa monotribe mwaka wa 2011, na jamii ya volca tangu mwaka wa 2013. Programu yao mpya ya ndani inakuja kama wimbo usiopendeza. Unatia waya katika tundu la masikio la telefone ao ordinatere, ncha nyingine unaitia katika tundu la kinanda, na wimbo unapigwa. Kinanda kinasikiliza mapigo, kinayaandika katika ukumbusho wake. Kikimaliza kinajua mambo ambayo hakikuyajua asubuhi.

Mwenye kufanya kazi hii ana masharti yake. Kwanza atumie pile mpya, zisife katikati. Afungue kinanda kwa namna inayokiambia kwamba sasa ni wakati wa kusikiliza, si wa kuimba, maana pasipo mwito hakitasikiliza. Sauti ya telefone iwe ya kutosha, na simu isiingie wakati ule, maana kelele ya simu itachanganya maneno. Asing’oe waya mpaka taa ya mwisho. Akikatiza katikati, programu ya zamani labda imekwisha kufutwa na mpya haijaingia yote, na kinanda kitakaa kimya mpaka kazi ianzwe tena toka mwanzo.

Mashini nazo zina lile la kuzidi. Katika namna moja inayotumiwa sana ya kuandika programu za mikrokontrola, kila mstari una mwishoni hesabu ya kuhakikisha. Hesabu ile haifundishi mashini jambo lolote. Kazi yake ni kuchungua tu. Mashini inajumlisha mstari wote, na jumla isipotoka kama ilivyopangwa, inajua kwamba mapigo yamepotea njiani, nayo inakataa mstari ule.

Sasa tazameni. Mwito wa kwanza, habari, kitu cha kuzidi cha kuhakikisha, alama ya mwisho. Mwalimu wetu wa fizika hakufanya mzaha alipoonyesha lokole.

MASIKITIKO YAKE

Lakini sikuandika hadithi hii kwa kujisifu tu kwamba babu zetu walikuwa na akili. Bwana Carrington aliona jambo lingine, nalo lilimwumiza.

Katika buku lake la mwaka wa 1949 alikwisha kuandika kwamba vijana hawajui tena lokole. Wazee walikuwa wakipiga, na vijana walikuwa wakisikia kelele. Wapigaji hodari walikuwa wakizeeka, na waliojua kidogo hawakufika kuwaita wapigaji. Wengi wa watoto hawakujua hata majina yao wenyewe ya lokole.

Nani alileta hasara hii? Mtu anaweza kuwalaumu Wabeljiki, ao kazi za mbali, ao posta na radio. Yote ina fasi yake. Lakini fikirini mambo ya masomo. Mtoto wa kwanza aliyeingia kalasini aliketi kwenye benchi saa zile ambazo zamani alikaa kando ya babu yake. Alijifunza kuandika, na mwenye kuandika akaanza kudharau kupiga. Bwana Carrington alikuwa mkubwa wa masomo. Ile kazi aliyoipenda na iliyomleta Kongo ilikuwa mojawapo ya sababu za kufa kwa kitu kingine alichokipenda. Mtu wa uongo angalificha jambo kama hili. Yeye aliandika juu ya hasara ile wazi, akajaribu kuitengeneza kwa njia aliyokuwa nayo, ndiyo kufundisha.

Alifundisha habari za lokole kwa wanafunzi weusi na kwa wazungu. Baada ya uhuru wa mwaka wa 1960 aliendelea kufanya kazi katika nchi hii. Chuo kikuu huru cha Waprotestanti kilifunguliwa Kisangani mwaka wa 1963. Vita vya mwaka wa 1964 vikakitawanya, kisha kikarudi, na mwaka wa 1971 kikaingizwa katika chuo kikuu cha taifa. Bwana Carrington alifundisha katika chuo kikuu pale Kisangani, lugha na mimea, vile vitu viwili alivyovipenda. Mwaka ule wa 1971 gazeti kubwa la sayansi la Amerika, Scientific American, lilitoa maandiko yake juu ya lokole. Na mwaka wa 1974 alitoa buku la Kifransa, La voix des tambours, lililopigwa chapa Kinshasa katika nyumba ya mabuku ya Waprotestanti. Mabuku ya 1949 yalipigwa chapa Ulaya kwa Kiingereza. Hili alilipiga hapa, kwa lugha ya masomo yetu, ili mwana wa Kongo aliyesoma apate kujifunza kwa macho kile ambacho hakukipata kwa masikio.

Mwisho alirudi Uingereza akiwa mzee, akafa mwaka wa 1992. Watu waliomfundisha lokole, wengi walikuwa wamekwisha kutangulia.

KAZI YETU

Ndugu, programu ya kinanda ikiharibika, hakuna kilio. Unatafuta ile ile kwa waliokitengeneza, unaitia tena. Iko katika ordinatere mia na elfu, moja ikifa nyingine inabaki. Programu ya lokole haikukaa kamwe ndani ya mti. Mti ni kama kile kinanda kipya, ni vyuma na plastiki. Maneno yalikaa katika kichwa cha mzee, yakaingia katika kichwa cha kijana kwa masikio, polepole, jioni kwa jioni. Mzee akifa kabla ya kumaliza, hakuna kiwanda cha kumwandikia barua.

Niseme langu pia, nisiwahukumu wengine. Babu yangu mzaa baba alipiga lokole. Nilipokuwa mtoto nilimsikia, nikajua kwamba watu wanaitwa, na kwamba pengine mtu amekufa. Sikuuliza zaidi. Nilikuwa na haraka ya kwenda masomo kujifunza Kifransa. Sasa nakijua Kifransa kidogo, na jina langu la lokole silijui. Babu amezikwa. Nilimwuliza baba, naye alijua mwanzo wa jina lake mwenyewe, mwisho umempotea. Sisi ni nyumba ya programu iliyokatwa katikati.

Lakini bado kuna wazee katika vijiji vyetu vya Wambole, na wengine wangali wanasikia vizuri. Vakanse inakuja. Kila mwanafunzi atakayeshuka Lomami kwa pirogi ao kupanda kwa njia ya miguu achukue daftari na kalamu. Aulize jambo moja tu: jina langu la lokole ni gani? Asiridhike na maneno. Amwombe mzee apige, na yeye aandike kila pigo, juu ao chini, hata kwa mistari miwili tu, mmoja wa juu na mmoja wa chini, kama Bwana Carrington alivyofanya. Mwenye telefone airekodi sauti. Kisha arudie mbele ya mzee mpaka mzee akubali, maana bila kurudia hakuna kuhakikisha.

Majina yote yatakayoletwa tutayaandika katika daftari moja, nayo itawekwa katika biblioteke ya masomo, na nakala ya pili kwa mwalimu wa muziki. Nakala mbili ni kidogo, lakini zinashinda hakuna.

Na siku ya kufungua mwaka, kama Mungu akipenda, lokole ya chini ya barza itaita kila mmoja kwa jina lake. Atakayesikia jina lake asimame. Mimi labda nitabaki nimeketi, lakini nitafurahi.